Maziwa ya Jumapili ya Matawi

Section 58,
Nakuru.
12 Oktoba 2025

Mpendwa Shangazi Jepleting,

Kabla ya yote, goti linaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema ngazi za pale kazini zinakutesa, na mimi nikabaki nikijiuliza ni nani anayekukanda ukifika nyumbani. Natumaini umepata nafuu, na kwamba baridi ya Halifax bado haijaanza kuuma.

Sisi huku hatujambo. Baba anakohoa asubuhi kwa sababu ya umande wa Subukia lakini hataki kusikia habari za daktari. Mama anakusalimu sana. Amepanda viazi upande wa chini, pale palipokuwa na mahindi, na vimekubali. Ng'ombe wawili wamezaa, ndama majike wote wawili, kwa hivyo unaweza kuwaza mwenyewe jinsi kaka yako anavyotembea kifua mbele.

Najua umeshangaa kupata barua ya mkono. Sue, binti wa jirani yetu, anarudi huko kazini wiki ijayo na amekubali kuibeba. Kwa simu ningefupisha, halafu ningelia, nawe ungeniambia ninyamaze, na habari ingeishia hapo. Sitaki iishie hapo tena.

Mwezi wa tano nilikupigia simu nikakuambia kwa sentensi mbili kwamba nafasi yangu ya masomo huko imeondoka na kwamba sitakuja mwezi wa tisa. Ukasema, "Sawa mama, ni mapenzi ya Mungu." Tangu siku hiyo tukiongea tunaulizana habari za mvua na theluji tu. Shangazi, sikukuambia yote. Barua iliyoiondoa nafasi hiyo niliiandika mimi mwenyewe. Wewe ndiwe uliyemtafuta yule profesa, ukampa makala yangu mkononi, ukanitayarishia na chumba. Una haki ya kujua kilichotokea.

Uliwahi kuniuliza ninasomea nini hasa, nikakujibu "mambo ya simu" kwa sababu nilikuwa na haraka. Kwa kweli ni hivi. Ujumbe wowote unaopita hewani, uwe wimbo au namba, huvunjwavunjwa kuwa sifuri na moja. Hewani kuna kelele, na kelele hizo hugeuza sifuri nyingine kuwa moja, na moja kuwa sifuri. Kazi yetu ni kuongeza tarakimu za ziada kwa hesabu maalumu kabla ya kutuma, ili anayepokea agundue palipoharibika na aparekebishe mwenyewe bila kuomba arudiwe. Kuna kikomo ambacho hakuna fundi atakayekivuka. Kilithibitishwa kwa hesabu kabla Baba hajazaliwa. Sisi tunakikaribia tu, unyayo baada ya unyayo. Nilipenda jambo hili tangu somo la kwanza la shahada ya uzamili: kwamba mtu anaweza kukaa na kalamu akajua kwa hakika ni kiasi gani cha ukweli kinachoweza kupita katikati ya kelele.

Makala uliyompelekea profesa ilihusu njia yangu ya kupokea mawimbi dhaifu. Grafu zake zilikuwa nzuri mno. Msimamizi wangu, Daktari Awuor, ambaye hasifu mtu hovyo, aliziangalia akasema, "Hizi zitasafiri." Zikasafiri kweli. Mwezi wa kwanza makala ikakubaliwa kwenye mkutano wa kimataifa, na jina la Daktari likiwa chini ya langu.

Mimi sikutosheka na grafu. Nilitaka Baba aione kazi yangu kwa macho. Unajua yumo katika kamati ya ushirika wa maziwa pale Subukia, na pale bondeni mtandao wa simu huja na kuondoka. Nikatengeneza kifaa kidogo cha redio kinachotumia betri, cha kupima joto la tangi la kupozea maziwa na kulituma kila baada ya dakika kumi hadi kwenye mlingoti juu ya kilima, na kutoka hapo hadi kwenye kompyuta na simu yangu hapa Nakuru. Joto likipanda, simu inalia. Baba aliisimamia hoja hiyo kwenye kamati kana kwamba anamposea mtoto mke. Wakakubali tufanye majaribio.

Kwa wiki saba kilifanya kazi bila kukosea. Kiarie, karani wa ushirika, alikuwa na desturi ya kwenda kusoma kipimo cha tangi kila baada ya saa tatu, hata siku za sikukuu. Polepole akaacha. Kwa nini aende, na mashine ya Jerotich inatuma?

Jumapili ya Matawi mvua ilinyesha kuanzia saa nne asubuhi. Watu walikuwa kanisani. Stima ikapotea, na jenereta haikuwashwa kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuiwasha. Ndani ya tangi mlikuwa na maziwa ya Jumamosi jioni na ya Jumapili asubuhi, yakingoja lori la Jumatatu. Mimi nilikuwa hapa nyumbani nikifua nguo, simu iko mezani kimya. Saa kumi na moja jioni wakulima walipoleta maziwa mapya, Kiarie akafungua kifuniko, harufu ikamjibu.

Nilifika kesho yake asubuhi wakiyamwaga. Shangazi, sijawahi kuona kitu kama kile. Maziwa yalishuka kwenye mtaro hadi maji ya mvua yakageuka meupe mpaka kule kwenye daraja. Akina mama walisimama wakiwa wameshika mitungi yao mitupu. Watu wengine walilaumu mvua, wengine wakalaumu stima. Hakuna aliyenilaumu mimi. Mzee mmoja hata alinipa pole, akasema, "Pole, msichana wetu, mvua imekuharibia majaribio."

Nilirudi Nakuru nikafungua kumbukumbu za mlingoti, maana hurekodi kila kinachosikika hata kama hakieleweki. Nilitarajia kukuta kimya. Nikakuta ujumbe ishirini na tisa. Kifaa kilituma tangu dakika ya kwanza joto lilipopanda, na mlingoti ulisikia. Mawimbi yalikuwa dhaifu, ndiyo, kwa kuwa ile mikaratusi ya mtelemkoni ikilowa na kuyumba kwa upepo inayameza. Lakini udhaifu ule ulikuwa ndani kabisa ya mipaka ambayo makala yangu ilisema njia yangu inaimudu bila taabu. Programu yangu ilijaribu kuusoma ujumbe mara ishirini na tisa, ikashindwa mara ishirini na tisa.

Nikaanza kutafuta. Nilitafuta siku kumi na moja. Pasaka ilinipita nikiwa kwenye kompyuta. Mama alinifuata Nakuru na chapati akaondoka nazo zikiwa baridi. Siku ya kumi na moja nikaiona. Ilikuwa katika programu ya kompyuta niliyofanyia majaribio ya makala, mstari mmoja kati ya elfu mbili na ushei. Anayepokea anatakiwa kukisia mwenyewe hali ya hewani: mawimbi yamedhoofika kiasi gani, yamepinda vipi. Mstari ule ulikuwa unampa jibu sahihi kutoka upande wa anayetuma. Ni kama mwanafunzi aliyeingia kwenye mtihani akapewa karatasi ya maswali na karatasi ya majibu pamoja. Lazima apasi. Grafu zangu zote nzuri zilitoka hapo. Kule Subukia hapakuwa na wa kumpa majibu.

Nilirekebisha mstari, nikaendesha majaribio upya. Uzuri wote ukayeyuka.

Mtu wa kwanza kumwambia alikuwa Makhanu, tunayesoma naye. Ni mtu mwema, na alichosema alikisema kwa kunihurumia.

"Nani atajua?" akaniuliza. "Rekebisha kwa tasnifu, ile makala iache vile iko. Ikifika mwezi wa tisa uko Kanada, utaandika ingine ya ukweli, hii isahaulike."

"Na maziwa?"

"Maziwa ilimwagwa na mvua, Jerotich. Kila mtu anasema hivyo."

Sitakudanganya kwamba nilimkatalia pale pale. Nililala na maneno yake siku mbili. Nilifikiria chumba ulichonitayarishia. Nilifikiria Daktari Awuor, ambaye nilisikia ameomba kupandishwa cheo na makala ile imo kwenye maombi yake. Nilijiambia kosa ni dogo, na kwamba halikukusudiwa. Yote hayo yalikuwa kweli. Lakini kila nilipofumba macho niliona ule mtaro mweupe.

Siku ya tatu nikaenda ofisini kwa Daktari. Nilimweleza nimesimama. Hakunikatiza. Akasema, "Nionyeshe mstari wenyewe." Nikafungua. Akauangalia, akavua miwani, akaifuta, akauangalia tena.

"Huu uliuandika wewe?"

"Hapana, Daktari. Ulikuwa kwenye ile programu ya msingi uliyonipa mwaka jana nianzie."

Nilimwona akibadilika uso, Shangazi. Hakukasirika. Alikuwa kama mtu anayesikia jina lake likiitwa mahali asipotarajia.

"Huu mstari ni wangu," akasema. "Niliuandika mwaka wa elfu mbili na kumi na moja, nikisomea shahada ya udaktari. Niliuweka kwa muda, nijaribu kitu kingine, nikasahau kuutoa." Kisha akasema, "Nenda nyumbani. Nipe mpaka Jumatatu."

Sijui alivyopitisha siku zile nne. Jumatatu nilimkuta na makaratasi yamejaa mezani, makala zake za zamani nne. Mbili zilikuwa salama. Mbili zilijengwa juu ya mstari ule. Alikuwa ameshaandika barua mbili kwa majarida mawili kueleza kosa, na alinisomea zote mbili kwa sauti, kama mtu anayesoma matokeo ya hospitali. Halafu akanisogezea karatasi tupu.

"Hii yako utaiandika wewe, maana jina la kwanza ni lako. Mimi nitatia sahihi chini."

Nikaandika. Tukaiondoa makala kwenye mkutano. Nakala ya barua ile nikamtumia profesa wako siku hiyo hiyo, kabla ujasiri haujanitoka. Alijibu kwa heshima. Alishukuru kuambiwa mapema, akasema ufadhili ule ulitolewa kwa msingi wa makala ile na sasa lazima umwendee mwombaji mwingine, na kwamba naweza kuomba upya mwaka mwingine wowote. Sina kinyongo naye. Ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo.

Daktari Awuor naye aliondoa maombi yake ya cheo. Hajawahi kuniambia. Nilisikia kwa Makhanu.

Lakini kilichokuwa kigumu kuliko yote kilinisubiri Subukia. Nilimwambia Baba kwanza, tukiwa zizini, yeye akikamua. Hakugeuka. Maziwa yaliendelea kulia ndani ya ndoo. Mwishowe akasema, "Mkutano wa wanachama ni Alhamisi. Utasema mwenyewe."

Alhamisi nikasimama mbele ya watu kama tisini. Nilieleza bila hesabu. Mama mmoja wa upande wa juu, ambaye mitungi yake ilikuwa mitano siku ile, akanyoosha mkono.

"Kwa hivyo hiyo mashine ilijua maziwa inaharibika?"

"Ilijua, mama."

"Na ikasema?"

"Ilisema mara ishirini na tisa. Niliyeitengenezea masikio ni mimi, na masikio niliyatengeneza vibaya."

Nilimtazama Baba, nikitumaini atainuka anitetee. Hakuinuka. Baadaye aliniambia kwamba angeinuka, ungamo langu lingekuwa lake. Aliyeinuka ni Kiarie. Aliushika ukuta kwanza, kisha akasema, "Mimi nilikuwa naenda kuangalia tangi kila saa tatu kwa miaka kumi na minne. Nikaacha, hakuna mtu aliniambia niache. Kama mnamwandika huyu kuwa mwenye kosa, na mimi niandikeni." Akaketi.

Hawakutuandika. Walizozana karibu saa nzima, wengine wakitaka kifaa kitupwe mtoni siku hiyo hiyo. Yule mama wa mitungi mitano ndiye aliyemaliza mjadala. Alisema kitu kilichosema ukweli mara ishirini na tisa hakitupwi, atafutwe wa kukisikia. Basi ikaamuliwa kifaa kibaki, lakini Kiarie arudie mizunguko yake na aandike kwenye kitabu kwa mkono, mashine iwe ya pili. Nilikubali kwa moyo wote.

Mwezi wa sita na wa saba niliishi Subukia. Mchana nilikuwa pale kwenye mikaratusi na vyombo vyangu, nikipima mawimbi kwenye jua, kwenye ukungu, kwenye mvua. Niligundua kwamba makosa hayaji moja moja kama nilivyofundishwa kuyahesabu. Yanakuja kwa mafungu, upepo ukipiga. Kwa hivyo nikaanza kutawanya tarakimu za kila ujumbe zikae mbali mbali, ili upepo mmoja usibebe neno zima, na katikati yake nikapanda tarakimu ambazo anayepokea anazijua tayari, ajifunzie hali ya hewani kutokana nazo. Si mawazo mapya. Wengine waliyawaza zamani. Upya wake ni vipimo, maana sikuona mtu mwingine aliyewahi kuipimia miti ile. Nilichopata ni kama theluthi moja ya kile nilichojisifia kwenye makala. Ni kidogo, lakini kipo mvua ikinyesha.

Nilitetea tasnifu tarehe ishirini na nane Agosti. Mtahini wa nje alinibana kwa saa mbili. Aliuliza kwa nini nimeweka sura nzima kuhusu kosa, badala ya kulifuta tu. Nilijibu kwamba mwanafunzi mwingine anaweza kuwa na mstari kama ule kwenye programu aliyopewa na mtu anayemheshimu. Daktari Awuor alikuwa ameketi pembeni, akaitikia kwa kichwa, mara moja tu. Nimepita, na marekebisho madogo ambayo nimeshamaliza.

Jumapili iliyofuata Makhanu alinipeleka Kikopey tukale nyama ya pongezi. Tulikuwa hatujamaliza mbavu simu yangu ikalia: tangi la Subukia, nyuzi sita na linapanda. Niliruka kutoka kitini. Nikampigia Kiarie mikono ikiwa na mafuta, nikapiga kelele hadi meza za jirani zikageuka.

"Kiarie, stima imeenda!"

"Najua, niko hapa," akasema polepole, na nyuma yake nikasikia mngurumo. "Nimeshawasha jenereta. Wewe kula."

Makhanu alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilicheka pia, halafu nikalia kidogo, na nyama ikapoa.

Sasa Shangazi, nimalizie kwa lile ambalo linanisumbua kuliko nafasi ya masomo. Tangu mumeo Kipngeno atutoke, wewe uko peke yako katika nyumba ile. Nilikuwa mjinga kutoona. Nilidhani unanitafutia shahada, kumbe ulikuwa pia unajitafutia mtu wa kunywa naye chai. Uliponiambia ni mapenzi ya Mungu, nilisikia maneno, sikusikia ulivyoyasema. Nisamehe.

Daktari Awuor amenitaka nisomee udaktari hapa hapa, chini yake, tuendelee na mawimbi katika mvua. Nimekubali. Sikukubali kwa kukosa pa kwenda. Nimekubali kwa sababu nimeona jinsi anavyokuwa anapokosea, na sidhani kuna jambo kubwa zaidi ninaloweza kujifunza kwa mtu. Kwa hivyo sitakuja Halifax, si mwaka huu wala ujao.

Njoo wewe. Una likizo ambayo hujachukua tangu mazishi, uliniambia mwenyewe. Njoo Desemba, usingoje mtu afe wala aolewe. Baba hatakuomba, unamjua, lakini juzi nilimkuta akipaka chokaa chumba cha nyuma. Nilipomuuliza ni cha nani, akasema ni cha mbegu. Tangu lini mbegu zikawekewa pazia?

Mama anakusalimu tena. Ndugu yangu Kipkirui anakusalimu, na Nyanya, ambaye sasa anauliza habari zako kila siku ya Mungu kama hajawahi kuuliza. Kiarie na Makhanu wanakusalimu ingawa hamjuani. Mungu alinde hatua zako kwenye ngazi zile, akupe usingizi mtulivu, na akulete mlangoni kwetu ukiwa mzima.

Mimi mtoto wako, nikupendaye na ninayekungoja,

Jerotich